Majira manne ya Minnesota kwa mtu wa kaskazi na kusi

Vitabu vyetu vya jiografia huyapa majira manne ya nchi za mbali majina ya kwetu: kipupwe, masika, kiangazi, vuli. Majina hayo humpotosha msafiri. Vuli ya Dar es Salaam ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba; ile inayoitwa vuli Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, ni majani kupukutika na ardhi kuanza kuganda. Masika yetu ni mvua za Machi hadi Mei, maji yamefunga barabara ya Jangwani. Yale ya kule ni theluji inayoyeyuka. Na kipupwe cha Julai, ambacho Dar humfanya mtu atafute shuka zito nyuzijoto zikifika 19 usiku, hakifai kabisa kuutaja Januari wa Minnesota, ambao usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 chini ya sifuri na mchana wake haufiki sifuri. Waswahili wengi wa huko wameshaamua: husema winta na sama. Hapa nitasema majira ya baridi, ya kuchipua, ya joto na ya kupukutika, ili kila neno libaki na picha yake.

Tusidanganyane pia kwamba pwani haina misimu. Inayo, ila hupimwa kwa upepo na mvua kuliko joto. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Oman. Kusi huanza karibu na Aprili na ndiyo iliyoyarudisha. Mvuvi wa Mafia anajua lini bahari itachafuka. Lakini kwa joto, mwezi mkali kuliko yote Dar na mwezi wa baridi kuliko yote hutofautiana kwa nyuzi 4 au 5 tu za wastani. Minneapolis tofauti hiyo, Januari kwa Julai, inazidi nyuzi 30.

Hapo ndipo tabia ya mtu inapolazimika kubadilika. Pwani msimu unaukabili siku umefika: mvua ikianza, unatoa mwavuli. Minnesota anayeanza kutafuta koti siku theluji inapodondoka amechelewa mwezi mzima. Kazi ya kila majira hufanywa katika majira yaliyotangulia. Nikitakiwa kumpa mgeni jambo moja tu la kushika, ni hilo, na maelezo yote yanayofuata yanatoka humo.

Jua kwanza, baridi baadaye

Wageni hujiandaa kwa baridi wakasahau mwanga, na mara nyingi mwanga ndio unaowaangusha. Sababu ya majira ni mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.4, si umbali wetu na jua; dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Minnesota imeganda. Dar, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Minneapolis, nyuzi 45 kaskazini, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba huinuka nyuzi 22 tu juu ya upeo wa macho. Kivuli chako saa sita mchana kinakuwa zaidi ya mara mbili ya urefu wako.

Saa ya Kiswahili nayo inavunjika. Kuhesabu saa moja kuanzia jua linapochomoza kunawezekana kwa sababu kwetu jua ni mwaminifu: huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Minneapolis mwezi wa Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na kutoka ni karibu saa mbili asubuhi. Juni huzama saa tatu usiku. Watoto wadogo hawakubali kulala jua likiwa bado linawaka, kwa hiyo nunua mapazia mazito ya kuzuia mwanga kabla ya Mei. Kwa wanaofunga, siku ya Ramadhani inayoangukia Juni huzidi saa 17 tangu alfajiri hadi magharibi. Inayoangukia Desemba ni kama saa 10 na nusu. Pwani ni kama saa 13 wakati wowote. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja inaanza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, zote zenye mchana mfupi kwa walio Minnesota.

Saa za ukutani pia husogezwa: mbele saa moja Jumapili ya pili ya Machi, nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti na Nairobi au Dar inakuwa saa 8 majira ya joto na saa 9 majira ya baridi. Mipango ya simu kwa mama nyumbani na vikao vya familia huharibika kwenye wiki hizo mbili kila mwaka.

Jua la chini kiasi hicho halina miali ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini D kuanzia karibu Novemba hadi Februari au Machi, na ngozi yetu nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi hata jua likiwepo. Kiwango kinachopendekezwa Marekani ni yuniti za kimataifa (IU) 600 kwa siku kwa mtu mzima hadi miaka 70, 800 kwa aliyezidi hapo, na 400 kwa mtoto mchanga anayenyonya. Mtu mzima asizidishe 4,000 bila daktari. Omba kipimo cha damu Oktoba, usingoje mifupa iume Februari.

Kuna pia huzuni ya majira, iliyoelezwa kitaalamu na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984: usingizi mwingi, hamu ya wanga, kujitenga, kila mwaka majira yaleyale. Kwetu mtu huambiwa ni mvivu au amerogwa. Tiba mojawapo ni taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwangaza), dakika 20 hadi 30 mara tu baada ya kuamka, ikiwa sentimita 40 hadi 60 kutoka usoni, macho wazi lakini bila kuikodolea. Kuitumia jioni huharibu usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, amwone daktari kwanza. Anza mwezi wa kumi, dalili zinapoanza kunyemelea.

Oktoba ndiyo mwezi wa kazi

Bomba la bustani ndilo la kwanza. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mpira ulioachwa umefungwa kwenye koki ya nje hushikilia maji ndani ya bomba linalopita ukutani. Bomba hupasuka Januari, lakini hutaligundua hadi Aprili utakapofungua koki na maji kumwagika ndani ya nyumba. Chomoa mpira, funga vali ya ndani inayolisha koki hiyo, kisha fungua koki ya nje maji yaishe.

Badilisha filta ya tanuri la kupasha nyumba joto, kisha uiangalie kila mwezi. Iliyojaa vumbi hulilazimisha tanuri kufanya kazi mara mbili, na huweza kulizima usiku wa baridi kali. Madirisha yanayovuja yanazibwa kwa plastiki nyembamba inayobandikwa kwa gundi pembeni na kukazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Kabla ya kubandika, futa fremu kwa spiriti, la sivyo gundi itaachia Desemba. Pima uvujaji kwa mkono uliolowa maji: utahisi upepo ambao mkono mkavu hauuhisi.

Wapangaji wajue haki yao. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Katika kipindi hichohicho kuna kanuni ya majira ya baridi inayomlinda mteja wa nyumbani asikatiwe umeme au gesi ya kupasha joto, kwa sharti kwamba amekubaliana na kampuni mpango wa malipo na anaufuata. Ulinzi huo hauji wenyewe. Ukinyamaza kwa aibu ya deni, unaukosa. Piga simu kabla bili haijachelewa, na ukihitaji msaada wa kulipa, namba 211 hukuelekeza.

Kuvaa

Kosa la kawaida ni koti moja kubwa juu ya fulana ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kubaki na maji. Ukisimama kituo cha basi, maji hayo yanakunyonya joto. Vaa tabaka tatu: ya ndani ibane mwili na iwe ya sufu au poliesta, ya kati iwe sweta nzito ya sufu au flisi, ya nje izuie upepo na maji na ifunike makalio. Miguuni, buti lisilopitisha maji lenye manyoya ndani, kubwa kwa nusu saizi, na soksi moja nene ya sufu. Watu huvaa soksi tatu ndani ya buti la kubana, damu inashindwa kupita, kisha wanashangaa vidole vinaganda. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hupasha joto kuliko zenye vidole vilivyotengana.

Soma makadirio ya upepo, usisome joto peke yake. Nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama 33 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Maelekezo mengi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta sehemu iliyopauka au kuwa ya kijivu, ngumu kama nta, isiyohisi kitu ukiigusa. Masikio, pua, mashavu na ncha za vidole hutangulia. Usisugue, na usisugue kabisa kwa theluji. Ingia ndani, loweka katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, ambayo mkono usioganda huyaona ya kawaida, na usiyeyushe kama kuna hatari ya kuganda tena njiani. Ngozi ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, ni hospitali.

Mtoto kwenye kiti cha gari asifungwe mkanda juu ya koti nono. Ajali ikitokea, koti hubonyea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anachomoka. Mvue koti, kaza mkanda, kisha mfunike kwa koti lenyewe lililogeuzwa au blanketi.

Ndani ya nyumba

Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ikiingizwa ndani na kupashwa hadi 20, unyevu wake huwa chini ya asilimia 10. Mtu aliyezoea hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 70 na zaidi hupasuka midomo, hutoka damu puani, na ngozi huwasha hadi kujikuna vidonda. Paka mafuta ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na maji. Vaselini au siagi ya shea hushika kuliko losheni nyepesi zenye maji mengi. Oga kwa maji ya vuguvugu, muda mfupi. Kifaa cha kuongeza unyevu kiwekwe kwenye asilimia 30 hadi 40, na kishushwe hadi 20 nje kukiwa na baridi kali, kwa sababu unyevu ukizidi huganda kwenye vioo, huyeyuka mchana na kuzalisha ukungu kwenye fremu. Pwani ukungu hukaa kabatini kwenye nguo wakati wa masika. Kule hukaa dirishani Januari. Dawa ni ileile: hewa ipite.

Mabomba ya jikoni yaliyo kwenye ukuta wa nje yanaweza kuganda hata nyumba ikiwa na joto. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati chini ya sinki joto liingie, na uache koki idondoshe maji kidogo. Ukisafiri, usizime hita. Iache angalau nyuzi 13. Maji yakikoma, fungua koki, pasha bomba kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia upande wa koki kurudi nyuma, mvuke upate pa kutokea. Moto wa wazi usikaribie bomba. Na kabla ya yote, jua vali kuu ya maji iko wapi, kwa kawaida kwenye chumba cha chini, kile kilicho chini ya ardhi, karibu na mita.

Sasa jambo ambalo nisipolisema nitakuwa nimekosa wajibu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala kwenye gereji, wala kwenye chumba chenye dirisha lililofunguliwa kidogo. Nyumba iliyozibwa vizuri kwa ajili ya baridi ni mtego: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Tumezika watu kwa namna hii Njombe na Limuru, katika nyumba zenye matundu. Fikiria nyumba isiyo na tundu. Oveni ya gesi nayo si hita. Weka kengele ya kaboni monoksidi karibu na kila chumba cha kulala na uijaribu kila mwezi. Ikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje wote, kisha mpige 911 mkiwa nje.

Gari na mtaa

Betri ya gari kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake, wakati oili nzito ya injini inahitaji nguvu zaidi. Betri iliyozidi miaka mitatu ipimwe Oktoba. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, iwe nusu kwa nusu na maji, inakinga hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya waipa yawe ya majira ya baridi. Maji ya bomba hupasua kitangi. Upepo wa tairi hushuka takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 na nusu zinazopungua, kwa hiyo ujaze upya baridi inapoanza. Tairi za kawaida hukakamaa chini ya nyuzi 7, na hata gari la kuvuta kwa magurudumu manne haliwezi kusimama kwenye barafu kwa tairi ngumu. Usimwage maji ya moto kwenye kioo cha mbele. Kitapasuka.

Buti la gari liwe na koleo, kikwaruzio cha barafu, blanketi, waya za kubusti betri na mfuko wa mchanga. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama kwenye dhoruba, kaa ndani ya gari, ondoa theluji kwenye bomba la moshi, washa injini dakika 10 kila saa.

Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, maegesho hufuata siku tatu. Siku ya kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hakuna kuegesha upande wowote wa barabara zilizowekewa alama za dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, ondoka upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa mingine. Siku ya tatu, saa hizohizo, ondoka upande wa namba witiri. Greda likipita na gari lako lipo, litavutwa. Saint Paul, mji pacha wa ng'ambo ya mto, una utaratibu wake tofauti. Anayelala mji mmoja na kufanya kazi mwingine ajue yote miwili.

Mbele ya nyumba, njia ya waenda kwa miguu isafishwe ndani ya saa 24 theluji ikikoma. Fanya mapema, kabla haijakanyagwa ikawa barafu. Chumvi hufanya kazi hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri; baridi ikizidi hapo, kumwaga zaidi ni hasara kwa mfuko na kwa maziwa, tumia mchanga. Kwenye barafu tembea kwa hatua fupi, unyayo wote ukigusa chini, mikono nje ya mifuko.

Theluji ikiisha

Majira ya kuchipua ni mafupi na yana matope. Angalia chumba cha chini kama maji yanaingia. Machi na Aprili ndio wakati wa kununua makoti na buti za mwaka ujao, maduka yanaposhusha bei. Za watoto nunua kubwa kwa saizi moja. Kuanzia Mei kagua kupe mwilini kila ukitoka msituni au kwenye nyasi ndefu, kwa kuwa baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ving'ora vikilia Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana, ni majaribio. Vikilia wakati mwingine, shuka chumba cha chini, huenda ni kimbunga cha nchi kavu (tornado).

Bustani hulipa uvumilivu. Mchicha haustahimili jalidi, yaani umande unaoganda, hata usiku mmoja, basi usiupande kabla ya mwisho wa Mei, udongo ukiwa umefika nyuzi 18. Utavuna ndani ya wiki tano au sita, na siku ndefu za Juni na Julai huusaidia kukua. Nyanya zianzishwe ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 mapema. Sukuma wiki ni tofauti: inastahimili jalidi, na baada ya baridi ya kwanza ya Oktoba majani yake huwa matamu zaidi, kwa sababu mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande.

Na kama una kipande cha ardhi, panda vitunguu saumu katikati ya Oktoba, ile ya shina gumu. Punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita 5 hadi 7, nafasi ya sentimita 15, kisha funika kwa sentimita 10 za nyasi kavu. Baridi ndiyo inayoifanya punje moja igawanyike kuwa kichwa. Bila baridi unavuna kitunguu kimoja cha mviringo. Fukua nyasi Aprili, kata shina la ua Juni, na majani ya chini yakishakauka theluthi, kwa kawaida katikati au mwisho wa Julai, chimba. Chagua vichwa vikubwa kuliko vyote, vitundike kivulini wiki tatu, na usivile. Ni mbegu ya Oktoba.